Usiachie Mpaka Usikie

Isobe Kinuyo alikuwa na hasira tangu Jumanne, na leo ilikuwa Ijumaa. Watu wa bonde la Onogi walikwisha kumzoea. Mwanamke yule hana dogo, walisema, na walisema wakicheka, lakini walipomwona anakuja barabarani na mfuko wa kamera begani, kidevu mbele, walisogea pembeni wakampisha. Safari hii hasira yake ilikuwa na karatasi. Aliiweka kwenye mfuko wa koti, imekunjwa mara nne, na kila baada ya saa chache aliitoa akaisoma upya, halafu akaikunja kwa nguvu kuliko mwanzo.

Karatasi ilitoka Shule ya Msingi ya Onogi, na aliyeiandika ni naibu mwalimu mkuu, Domoto. Ilianza kwa habari za theluji kuyeyuka na kumtakia afya njema, kama ilivyo ada, kisha ikaingia kwenye jambo lenyewe. Katika mahafali ya mwaka huu, mpiga picha anaombwa kwa heshima atumie kamera isiyotoa mlio wowote.

"Anaombwa kwa heshima," Kinuyo alimwambia mumewe kwa mara ya kumi. "Miaka thelathini na minne napiga picha pale, leo naombwa kwa heshima ninyamaze."

"Hujaombwa wewe unyamaze, Mama Akane. Ni kamera," Teruo akajibu, akimwita kwa jina la mtoto wao kama kawaida yake.

"Ni kitu kimoja hicho hicho."

Teruo akaendelea kukata kadibodi za fremu. Alikuwa mtu mpole. Alipooa aliingia ukoo wa mkewe, akachukua jina la mkewe na kazi ya mkewe, na kwa miaka yote hiyo ndiye aliyechapa picha, akazikata, akazitia kwenye vioo, huku mkewe akizunguka bonde zima akiwaamrisha watu wanyooshe shingo. Alijua ni wakati gani wa kumjibu na ni wakati gani wa kukata kadibodi.

Ingekuwa mahafali ya mwaka mwingine wowote, Kinuyo angemtolea uvivu yule Domoto, mambo yakaisha. Lakini haya yalikuwa ya mwisho. Shule ilikuwa inafungwa. Darasa la sita lilikuwa na mwanafunzi mmoja, Tsukuda Kotoha, na madarasa matano ya chini yake yalikuwa na viti tu.

Katika korido ya shule ile zilitundikwa fremu sabini na moja, moja kwa kila mwaka. Za mwanzo alizipiga baba yake Kinuyo, zilizofuata akazipiga yeye. Mwenyewe alikuwa katika mojawapo, nywele zimekatwa sawa na masikio, kanuna. Zamani ilikuwa picha ya darasa zima mbele ya lango. Watoto walipopungua wakawa watatu, kisha wawili, Kinuyo aliibadilisha ikawa picha ya kupokea cheti, maana watoto wawili mbele ya lango lile kubwa walionekana kama wamesahauliwa na wazazi wao. Sasa pale ukutani, baada ya fremu ya sabini na moja, ulibaki msumari mmoja. Picha ya kwenye msumari ule ndiyo aliyoitaka, na hakuwa tayari mtu mwingine aipige.

Ndiyo maana siku ile ya Jumanne alikwenda shule na karatasi yake mkononi, hata viatu akavivua kwa kuvirusha.

Domoto alimpokea vizuri mno. Alikuwa mwanaume wa miaka arobaini hivi, amehamishiwa pale kutoka mjini miaka miwili nyuma, na sauti yake haikupanda hata alipokanyagwa mguu.

"Mama Isobe, naomba unielewe. Video ya mwaka jana, kila sentensi ya hotuba ina kacha, kacha, kacha. Na mwaka huu wanakuja watu wa televisheni ya mkoa. Wanakuja wakubwa wa ofisi ya elimu."

"Hao wa televisheni walikuwa wapi shule ilipokuwa na watoto?"

"Sasa hilo..."

"Shule ilipokuwa inapiga kelele hakuna aliyekuja kusikiliza. Leo mnaifunga ndiyo mnataka sauti itoke safi."

Domoto aliinamisha kichwa kidogo, namna ya mtu anayesubiri mvua ipite. "Siku hizi ziko kamera zisizo na kioo ndani. Hazilii kabisa. Wapiga picha wote wa mjini wanatumia hizo."

"Basi kawalete hao wa mjini!"

"Tungeweza," Domoto akasema, taratibu.

Angepaza sauti, Kinuyo angejua la kufanya. Ule utaratibu wake ndio uliomuunguza. Alitoka pale na viatu vimevaliwa kombo, na tangu siku hiyo hakulala vizuri wala hakumwacha Teruo alale vizuri.

Jumamosi walikwenda mjini Matsue, kwenye duka la mzee Utsumi, aliyemuuzia baba yake kamera kabla ya kumuuzia yeye. Teruo aliendesha. Kinuyo alishika mfuko wake mapajani njia nzima, na kila walipoingia handaki alisema jambo moja la ubaya kuhusu Domoto.

Utsumi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitandika kitambaa juu ya meza, akaweka kamera ya Kinuyo upande huu, na kamera mpya upande ule. Ya Kinuyo ilikuwa ile kubwa ya kioo, ambayo vijana huiita DSLR. Ndani yake mna kioo kidogo kilicholala mshazari, kinachokuonyesha kitu chenyewe kwa mwanga wake chenyewe, na ukibonyeza kitufe kioo kinaruka juu kupisha mwanga, kinarudi chini, na huo ndio mlio. Mpya ilikuwa ndogo, nyeusi, nyepesi. Haikuwa na kioo, haikuwa na kitu cha kuruka.

Kinuyo akaweka jicho kwenye kidirisha cha ile mpya. Akalitoa upesi.

"Utsumi, hapa naangalia televisheni."

"Ni kiwambo kidogo, ndiyo. Kinakuonyesha picha itakavyotoka. Kukiwa na giza, unaona bado. Mwanga ukizidi, unajua kabla hujapiga."

"Naonyeshwa kilichokwisha kupita."

"Kwa kufumba na kufumbua tu, mama."

"Na mimi kazi yangu ni kufumba na kufumbua."

Utsumi akacheka. Teruo akacheka pia, akaona jicho la mkewe, akaacha.

Kinuyo alibonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena, kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua wenyewe wamo. Kwenye kiwambo namba ilipanda: tatu, saba, kumi na mbili. Picha kumi na mbili za uso wa Teruo, na hakuna aliyejua kwamba zimepigwa, Teruo mwenyewe kwanza. Kisha akaona kimraba kidogo kimekaa juu ya jicho la mumewe. Teruo akageuka kushoto, kimraba kikamfuata. Akainama kuokota kofia, akainuka, kimraba kikamdaka pale pale.

"Nani amekituma hiki?"

"Kinatafuta jicho chenyewe. Wewe unapanga picha tu."

Miaka mitano ya mwanzo ya kazi yake Kinuyo aliimaliza akijifunza kulidaka jicho. Baba yake alimpiga vidole kwa rula kila picha iliyotoka na pua kali na jicho lenye ukungu. Na sasa kitu cha kutoka kiwandani kinalijua jicho la mtu ambaye hakijawahi kuonana naye. Alitafuta kasoro kwa bidii. Akapata kwamba inakula betri haraka, akafurahi. Akapata kwamba vitufe vyake ni vidogo kwa mtu mwenye glavu, akafurahi zaidi. Baada ya hapo hakupata kitu.

"Ile ya kioo haijaharibika," akasema. "Picha zake hakuna anayezilalamikia. Betri moja siku nzima. Ikianguka kwenye theluji unaiokota unaendelea."

"Kweli," Utsumi akasema.

"Sasa nibadilishe kwa nini?"

"Kwa sababu ya bega," Teruo akadakia.

Kinuyo akamgeukia.

"Bega gani?"

"Kamera na lenzi yake ni kilo mbili na ushee, Mama Akane. Mwezi wa tatu huu huwezi kuanika nguo. Naanika mimi."

Kinuyo alihisi uso wote unawaka. Kuambiwa nyumbani ni jambo moja. Kuambiwa mbele ya Utsumi, aliyemjua tangu akiwa msichana wa kupanda juu ya mapaa kutafuta pembe nzuri ya picha, hilo lilikuwa jingine. Akampa mumewe vidonge vyake pale pale. Akamwambia yeye si bibi kizee, akamwambia nguo asianike tena, zioze. Utsumi alijishughulisha na kufuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

Mwisho Utsumi akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa kila mteja. Aliiweka kamera mpya kwenye mfuko, akausukuma mbele ya Kinuyo. "Kaa nazo zote mbili. Mahafali yakipita niletee moja. Utakayoniletea ndiyo usiyoitaka, nami nitaipokea."

Aliondoka nayo. Akaichukia barabara nzima ya kurudi, kwa sababu ilikuwa nzuri, na kwa sababu bega lake halikuuma.

Jumatano ya wiki iliyofuata yalikuwa mazoezi ya mahafali. Shule ile ilifanya mazoezi kila mwaka, hata kwa mtoto mmoja: namna ya kutembea, mahali pa kusimama, mkono wa kushoto kwanza halafu wa kulia, rudi hatua moja, inama. Kinuyo alikwenda na ile ya kioo shingoni, kwa ubishi tu, maana Domoto alikuwa mjini kwenye mkutano.

Kotoha alimkimbilia mlangoni. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu, meno ya mbele yameachana, na alimwita Kinuyo kama watoto wote wa bonde walivyomwita.

"Mama Picha! Leo tena?"

"Leo tena. Kwani umechoka kupigwa?"

"Nimepigwa peke yangu miaka miwili. Siku ya michezo nilipigwa peke yangu. Safari ya shule, peke yangu na sanamu ya kulungu."

"Kulungu alitoka vizuri kuliko wewe. Haya, panda jukwaani."

Mwalimu Mkuu Kanamori alikwisha kusimama pale juu na karatasi nyeupe badala ya cheti. Alikuwa mwanamke wa karibu kustaafu, na walisema kwamba baada ya kuifunga shule hii hataomba nyingine. Kotoha akaenda, akanyoosha mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia.

"Simama hapo!" Kinuyo akafoka kutoka chini. "Nini sheria yangu?"

"Usiachie mpaka usikie," Kotoha akaimba.

Watu wote wa bonde waliijua sheria hiyo. Watoto wakishikwa na woga hunyakua cheti na kukimbia nacho, na picha inatoka ya kiwiko. Basi Kinuyo alimfundisha kila mtoto, tangu mwaka wake wa kwanza wa kazi, kwamba akishika cheti abaki amekishika, na mwalimu naye amekishika, mikono minne, mpaka asikie kacha. Akisikia, kazi imekwisha, anaachia ili mwalimu akiviringishe na kumpa baadaye, anaweza kupumua, shule amemaliza. Wanaume wenye watoto wao sasa, ukipiga picha karibu yao, bado huachia glasi.

Kacha! Kotoha akaachia, akarudi hatua moja, akainama. Safi kabisa. Mwalimu Mkuu akageukia dirishani.

Baada ya mazoezi Kinuyo aliitoa ile mpya kwenye mfuko, akampa mtoto aibonyeze. Kotoha akabonyeza, akaitegea sikio.

"Mbona haisemi?"

"Bubu. Kesho nitapiga na hii, wakubwa hawataki kelele. Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hutasikia kitu. Ukishashika cheti, hesabu moja, mbili, tatu, kimoyomoyo. Ukifika tatu, achia. Umenielewa?"

"Moja, mbili, tatu, naachia."

"Rudia."

"Moja, mbili, tatu, naachia. Mama Picha, ukiwa na hasira unafanana na yule kulungu."

Kinuyo akampiga kofi dogo la kisogoni, akacheka kwa mara ya kwanza tangu barua ije.

Siku ya mahafali ukumbi ulijaa hadi ndala za ndani za wageni zikaisha, na watu wazima wenye suti nyeusi wakatembea na soksi juu ya mbao baridi. Mapazia ya mistari myeupe na myekundu yalizungushwa ukutani. Majiko ya mafuta ya taa manne yalinguruma pembeni. Walikuja waliokwisha kuhamia Osaka, walikuja wazee wa kubebwa. Wakubwa wa ofisi ya elimu walikaa safu ya mbele, maua kifuani, na Kinuyo alipowatazama migongo aliona kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusoma pale. Hawa ndio walioketi kwenye meza fulani wakakata shauri la kuifunga. Alitamani awapige picha zote kwa nyuma, za visogo.

Kando ya jukwaa alisimama Domoto mbele ya kipaza sauti. Akamtazama Kinuyo, akaitazama kamera ndogo, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kinuyo akauma meno.

Jina likaitwa, moja tu. "Tsukuda Kotoha!"

"Ndiyo!" Sauti ilijaa ukumbi.

Mtoto akapanda. Mwalimu Mkuu Kanamori akasoma cheti chote, kuanzia jina hadi tarehe, bila kuruka neno. Akakinyoosha. Mkono wa kushoto, wa kulia. Mikono minne juu ya karatasi moja. Kinuyo alikuwa amepiga magoti chini ya jukwaa, kimraba kimekaa juu ya jicho la Kotoha, mwanga mzuri, kila kitu mahali pake. Akabonyeza. Namba ikaanza kupanda kimya kimya. Moja, mbili, tatu.

Kotoha hakuachia.

Kinuyo akangoja, akaendelea kubonyeza. Mwalimu Mkuu, aliyekuwa ameanza kukirudisha, akatulia tena asije akaonekana anamnyang'anya. Sekunde kumi. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba majiko yalisikika. Sekunde ishirini. Mtu akakohoa. Mwalimu Mkuu akakivuta cheti kidogo kumkumbusha mtoto, na mtoto, macho mbele, akakishika vile vile. Kwenye safu ya mbele vichwa vikaanza kugeukiana.

Amesahau, Kinuyo akajua. Amepatwa na woga, kuhesabu kumempotea, kimebaki alichofundishwa miaka sita. Anasubiri kacha, na kacha haitakuja kwa sababu yule mwanaume pale kwenye kipaza sauti aliandika barua. Domoto alikuwa anamfanyia mtoto ishara kwa kidole, chini ya kiuno, kama anafukuza kuku. Mpiga video wa televisheni alisogea mbele kupata uso vizuri. Walikuwa wanamrekodi mtoto wa watu akiaibika.

Hapo ndipo mori ulipompanda Kinuyo hadi utosini. Alimkasirikia Domoto, akawakasirikia wenye maua kifuani, akaikasirikia ile bubu iliyokuwa mkononi mwake, na zaidi ya wote akajikasirikia mwenyewe, kwa kukubali kunyamazishwa.

"KACHA!" akapiga kelele.

Ilikuwa kelele ya mtu anayeita ng'ombe mlimani. Iligonga paa ikarudi. Kotoha akashtuka, mikono yake ikaachia, akarudi hatua moja, akainama, cheti kimebaki mkononi mwa Mwalimu Mkuu. Mzee mmoja wa nyuma akaangua kicheko, wa pili akafuata, na mara ukumbi mzima wa wanafunzi wa zamani ukawa unacheka na kufuta macho, maana kila mmoja wao aliwahi kuachia kwa mlio ule. Kotoha alipoinua kichwa alikuwa anacheka naye, meno yote nje, na Kinuyo, kwa mazoea ya kazi, akabonyeza.

Domoto alimfuata koridoni baadaye, watu wakiwa wamekwenda kula wali mwekundu wa sherehe.

"Mama Isobe. Ile ilikuwa inarekodiwa."

"Vizuri. Ulitaka kimya, ukakipata dakika nzima. Kilikupendeza?"

"Mtoto angeachia tu mwenyewe."

"Mtoto alikuwa anasubiri mlio ulioukataza wewe kwa barua! Kwa heshima! Ondoka mbele yangu, Domoto, kabla sijasahau kwamba leo ni sherehe."

Akaondoka. Kinuyo alibaki akihema, mkono ukutani. Aliposikia nyayo nyingine alijiandaa kufoka tena, lakini alikuwa Kotoha, ua limepinda kifuani, cheti chini ya kwapa. Alisimama mbele ya msumari mtupu.

"Pole, mwanangu," Kinuyo akasema. "Kosa ni langu. Jana nilikufundisha na ile inayolia, leo nikaja na bubu. Ukasahau kuhesabu."

"Sikusahau."

"Ulisahau, si kitu, hata mtu mzima..."

"Sikusahau, Mama Picha. Nilihesabu. Nikafika tatu, nikaendelea."

"Ukaendelea?"

Kotoha aliugusa msumari kwa kidole. "Si umesema nikisikia ndiyo nimemaliza shule. Na hii haisemi. Nikasema, basi, kama haisemi, bado." Akageuka. "Nilikuwa nimefika hamsini na nane ulipopiga kelele."

Kisha mama yake akamwita, akaenda mbio, na soksi zake zikateleza kwenye kona kama ilivyokatazwa miaka sita yote.

Kinuyo alibaki mbele ya msumari. Fremu sabini na moja zilimtazama. Barua haikuandikwa na yeye, shule haikufungwa na yeye, kwenye meza ile ya wakubwa hakuketi. Lakini mtoto alikuwa ameishikilia shule ikiwa wazi kwa mikono miwili, na aliyemwambia achia ni yeye. Hasira aliyokuwa nayo tangu barua ije ikakosa mtu wa kumwangukia isipokuwa mwenyewe, na iliuma kuliko bega.

Nyumbani alizimwaga picha kwenye kompyuta, Teruo amesimama nyuma yake.

"Hii!" Teruo akasema mara moja. Ilikuwa ile ya baada ya kelele, mtoto anacheka, Mwalimu Mkuu amepigwa na butwaa na cheti mkononi. "Hii ndiyo ya msumari, Mama Akane. Hata Domoto amepiga simu kuiulizia hiyo."

Kinuyo alirudi nyuma, kwenye zile za kimya. Zilikuwa mia moja na sita. Mia moja na sita za mikono minne juu ya karatasi moja, na jicho la Kotoha ndani ya kila moja limetulia, linahesabu. Alizipitia zote, na aliyoyaona yalimkera, kwa kuwa yalikuwa kweli: ile ya kioo ingelia kwenye picha ya kwanza. Mtoto angeachia saa nne na dakika kumi, kwa wakati, na mambo yangekwisha. Mia moja na tano zilizobaki zisingekuwako.

"Kesho nipeleke kwa Utsumi," akasema.

"Na ipi?"

"Unaniuliza ya nini, unaijua. Na usiongee njiani."

Teruo hakuongea. Kinuyo alimkabidhi Utsumi ile ya kioo kwa mikono miwili, akamtukana kidogo, akatoka nje kabla mzee hajaona uso wake. Garini alilia kwa hasira hadi handaki la tatu, na mumewe akawasha redio.

Jumatatu alikwenda shule na fremu ya sabini na mbili. Domoto alikuwa peke yake, anafunga vitabu kwenye maboksi. Akaja koridoni na mkanda wa gundi mkononi, akaitazama picha ikitundikwa.

"Si hii niliyoiulizia," akasema. "Ile anayocheka ni nzuri zaidi. Hapa hata kupokea cheti hakujaisha, bado wamekishika wote wawili."

"Ndiyo."

"Mama Isobe, picha ya mahafali ni ya mtoto aliyemaliza shule. Huyu hapa bado hajamaliza."

"Bado," Kinuyo akasema. Akainyoosha fremu ikae sawa. "Na ukiigusa, Domoto, nitakuvunja vidole."